Miguu Ikicheza, Viganja Vikipata Moto: Kinachomtokea Anayeanza Kusimama Chigongi

Asubuhi moja ya mwezi wa sita, upepo wa kusi ukivuma ufukweni Shangani, Mtwara, bibi mmoja wa kundi letu la zoezi la kusimama kimya alishusha mikono ghafla akaikodolea macho kana kwamba si yake. Ilikuwa siku yake ya tatu, na alikuwa amesimama dakika 4 tu. "Mwanangu," akaniambia, "vidoleni kuna sisimizi wananitembea, na miguu inacheza wala siiamrishi. Nimepatwa na nini?"

Kabla sijafungua mdomo, majibu matatu yalikwisha kumfikia. Dada wa kulia kwake, ambaye anafanya kazi zahanati, alimwambia hiyo huenda ni presha, akapime. Kijana wa kushoto, anayejifunzia kwenye video za simu, alimpongeza: "Nguvu imeanza kuingia, bibi, una kipaji." Na mzee mmoja aliyekuwa akipita na nyavu begani alisimama, akasikiliza, kisha akasema taratibu kwamba kusimama kimya mbele ya bahari alfajiri kuna wenyewe.

Bibi akazidi kuogopa. Nilimketisha mchangani, tukazungumza mpaka jua likawa kali. Tangu siku ile nimeulizwa maswali ya namna hiyo na watu wengi hapa Mtwara, na wengine kutoka Lindi na Masasi, nikaona heri niyaandike mahali pamoja. Nimesimama hivi kwa miaka sita sasa. Yule dada, yule kijana na yule mzee wote walikuwa wakimtakia bibi mema. Tatizo ni kwamba kila mmoja alimpa jina la jambo kabla ya kumuuliza: ni wapi hasa? Lilianza lini? Ukibadilisha mkao linaondoka au linabaki? Maswali hayo matatu yanafungua mafundo mengi, na nitayarudia rudia humu.

Kwanza zoezi lenyewe. Chigongi, ambayo kwa herufi za Kilatini Wachina huiandika qigong, imeunganisha maneno mawili: chi, yaani pumzi au nguvu ya uhai, na gong, kazi au ustadi unaopatikana kwa kurudia. Mazoezi yanayobeba jina hilo ni mengi mno. Yapo ya kuzungusha mikono polepole, yapo ya kupumua, yapo ya kukaa. Mimi nazungumzia lile la kusimama tu, liitwalo zhan zhuang, maana yake kusimama kama nguzo iliyochimbiwa ardhini. Aliyelitoa kwenye duara dogo la wapiganaji na kulifikisha kwa watu wa kawaida ni Wang Xiangzhai, aliyeishi kati ya mwaka 1885 na 1963. Alikuwa mwalimu wa mapigano aliyeamini kwamba kusimama kunajenga nguvu ya kweli kuliko mitindo mirefu ya kurusha ngumi, na baadaye akawafundisha hata wagonjwa. Lile jina chigongi, likiwa jina la jumla la mazoezi haya ya afya, lilienea zaidi katika miaka ya 1950, ingawa mazoezi yenyewe ni ya kale sana.

Namna ya kusimama ni hii. Nyayo zipishane upana wa mabega. Magoti yalegezwe kama ya mtu aliyesimama ndani ya mtumbwi akisukuma kwa upondo, kwa sababu anayekaza goti mtumbwini huanguka majini. Kichwa kikae kama cha mama aliyejitwika ndoo ya maji: shingo ndefu, kidevu kimeshuka kidogo, utosi umeelekea juu. Mikono ikumbatie shina la mkorosho ambalo halipo, usawa wa kifua au chini yake, na kwapani pabaki nafasi ya yai. Ncha ya ulimi iguse kaakaa. Pumzi iende inavyotaka. Siku za mwanzo dakika 3 hadi 5 zinatosha kabisa. Anayetazama kwa nje haoni kitu kikitokea, lakini aliyesimama anaona mambo.

Mtetemeko ndio unaowatisha watu kuliko yote. Huanzia mapajani, hushuka kwenye magoti, na wakati mwingine hupanda mpaka meno yakagongana. Ili kuuelewa, fikiria wanaume wanaopandisha mashua mchangani. Wakiwa na nguvu, wengine wanavuta wakati wengine wanapumua, na mashua inateleza bila kukatika. Wakichoka, kupokezana hakufai tena. Inabidi wote wavute kwa pamoja, kwa sauti moja, na mashua inakwenda kwa mishtuko: inasogea, inakwama, inasogea. Misuli nayo iko hivyo. Imegawanyika katika vikundi vingi vya nyuzi, kila kikundi kina mshipa wake wa fahamu, na vinapokezana kazi. Misuli ya mtu mzima mwenye afya hutetemeka muda wote, mara 8 hadi 12 kwa sekunde, ila kidogo sana hata huoni. Nyoosha mkono uweke karatasi nyepesi juu ya vidole, utaiona kingo yake ikicheza. Misuli ikichoka, vikundi vingi zaidi huvuta kwa wakati mmoja, na ule mtetemeko uliojificha unajitokeza.

Na kusimama magoti yakiwa yamelegea kunachosha kuliko watu wanavyodhani. Ukitembea kutoka Shangani hadi sokoni, paja moja hufanya kazi huku jingine likipumzika. Ukisimama chigongi hakuna paja linalopumzika. Nyama iliyokaza bila kulegea inabana hata mishipa midogo ya damu iliyo ndani yake, na taka za kazi zinajaa pale pale. Ndipo paja linapowaka moto.

Lakini huku kwetu Pwani, kutetemeka kulikuwa na jina kabla chigongi haijafika. Kwenye ngoma za kupunga pepo, mwili ukianza kutikisika watu wanajua mgeni amefika, na kila aliye pale anamngojea. Sisemi hili kwa dharau. Nimekulia humo, na najua kwamba bibi alipouliza "nimepatwa na nini" hakuwa anatania. Ndiyo maana sikumwambia kwamba hakuna kitu. Nilimwambia: simama tena, na ikianza kucheza, nyoosha magoti kidogo, robo tu. Alinyoosha. Baada ya pumzi mbili miguu ikatulia tuli. Nikamwambia ayalegeze tena kama mwanzo, mtetemeko ukarudi. Alifanya hivyo mara tatu mwenyewe, akicheka. Kinachokuja na kuondoka kwa kufuata goti, chanzo chake kimo gotini.

Zipo shule za chigongi zinazouachia mtetemeko ukue mpaka mwili wote ucheze wenyewe. Kwa anayeanza, na hasa asiye na mwalimu karibu, sishauri. Mtetemeko mdogo uache, uendelee kupumua. Ukiwa mkubwa, inuka kidogo. Na upo mtetemeko usiohusiana na goti hata kidogo. Mtu anayetumia dawa za sukari akija kusimama bila kula, akaanza kutetemeka huku njaa kali ikimshika, jasho la baridi likimtoka na maneno yakimpotea, huyo sukari imeshuka. Anahitaji kitu kitamu papo hapo, soda au maji ya sukari, na kusimama kwa siku hiyo kumekwisha. Vile vile mkono unaotetemeka ukiwa umeulaza mapajani nyumbani, upelekwe hospitali, usipelekwe ufukweni.

Kuyumba kunaeleweka haraka zaidi. Ukifumba macho utahisi uko ndani ya dau lililofungwa nanga Mikindani. Ukweli ni kwamba ulikuwa unayumba tangu mwanzo, kwa sababu mwili uliosimama hautulii hata sekunde moja. Uzito wake unaangukia mbele kidogo ya kifundo cha mguu, na shavu la mguu linaurudisha nyuma bila kukoma. Ubongo unapata habari kutoka kwa mashahidi watatu: macho, kiungo cha mizani kilicho ndani kabisa ya sikio, na nyayo pamoja na misuli. Ukifumba macho umemwondoa mmoja, na wawili waliobaki wanahitaji muda kuzoea. Madaktari hutumia jambo hilo hilo katika kipimo cha Romberg, daktari wa Kijerumani wa karne ya 19: mgonjwa anasimama miguu pamoja, anafumba macho, na daktari anaangalia kama atapoteza mizani. Kwa hiyo anayeanza asifumbe. Atazame mbali pale maji yanapokutana na mbingu, kope zikiwa zimeshuka nusu. Mzee ambaye tayari huanguka anguka asimame na kiti mbele yake au mnazi nyuma yake, na hilo halipunguzi zoezi lake hata chembe.

Sasa mikono, na hapa ndipo pana utamu wa jambo.

Joto la viganja huja mapema, mara nyingi kabla mapaja hayajaanza kulalamika. Kisha vidole vinajaa kama maandazi yaliyoumuka, pete inabana. Ukisogeza viganja vikakaribiana halafu ukavitenganisha polepole, unahisi kuna kitu katikati: mpira laini, au sumaku mbili zinazosukumana. Wengi wanaosimama kwa mara ya kwanza wakafika hapo huniangalia kwa macho ya mtoto aliyepewa zawadi. Nami nilikuwa hivyo hivyo.

Joto lina njia yake inayojulikana. Mtu akiwa na wasiwasi, mishipa midogo ya damu ya ngozi hubana na mikono hupoa. Akitulia, mishipa ile hufunguka, damu inajaa viganjani, na joto linakuja kweli, kiasi kwamba mwenzako akikushika analisikia. Mwaka 1932 daktari wa Kijerumani, Johannes Heinrich Schultz, alichapisha njia yake ya kujituliza, ambamo mtu hukaa au kulala huku akijisemea moyoni kwamba mikono yake ni mizito, kisha kwamba ina joto. Uzito ukaja, joto likaja. Schultz hakufundisha chi, lakini wanafunzi wake walifika kwenye hisia zile zile ambazo Mchina aliyesimama bustanini Beijing anazijua.

Lile la sumaku limechanganyika. Kuna joto linalotoka kiganja kimoja kwenda kingine. Kuna mitetemeko midogo ya misuli ambayo ubongo unaisoma kama ukinzani, kana kwamba kuna kitu kinasukuma. Na kuna akili ambayo imeelekezwa yote mahali padogo. Wachina wanasema ni chi, na katikati ya kiganja wameweka nukta yenye jina zuri la laogong, jumba la kazi. Mimi nalitumia neno chi bila aibu ninapofundisha, kwa sababu linamwelekeza mtu haraka pale anapotakiwa kuhisi. Lakini simwambii mtu kwamba kahisi chi kwa hiyo kapona presha. Presha ina mashine yake ya kupimia, ipo zahanati, na hakuna kipimo cha hospitali kinachopima chi. Mambo hayo mawili nayaweka mbali mbali, na nawasihi wanaofundisha wenzao wafanye hivyo, kwa maana nimewaona watu wakiacha vidonge kwa sababu ya joto la viganja. Hilo linaniumiza.

Baada ya joto huja ganzi, na ndani ya neno hilo moja watu hutia mambo manne tofauti.

Ganzi ya kwanza ni ile ya sisimizi wepesi, mikono yote miwili, vidole vyote, ikija pamoja na joto na kuondoka mara ukitikisa mikono. Hiyo iache. Ya pili inakaa kwenye kidole kidogo na nusu ya kidole cha pete. Uliza kiwiko. Nyuma ya kiwiko unapita mshipa wa fahamu ule ule ambao ukijigonga ukutani unasikia kama umeme mpaka kidoleni. Kiwiko kikikunjwa sana kwa muda mrefu, mshipa huo unavutika na kubanwa, na vidole viwili unavyovihudumia vinakufa ganzi. Mabega yaliyopanda hadi masikioni nayo huongeza mbano. Dawa ni kushusha mikono usawa wa kitovu na kufungua kiwiko. Bibi wetu, nilipomuuliza sisimizi wako vidole gani hasa, alinionyesha hivyo viwili. Na mabega yake yalikuwa juu kama ya mtu aliyemwagiwa maji ya baridi.

Ganzi ya tatu ni ya pumzi. Huja midomoni na vidoleni kwa pamoja, kichwa kinakuwa chepesi, kifua kinabana, vidole vinaweza hata kujikunja. Humpata sana yule aliyeambiwa avute chi kwa nguvu, akawa anapumua kama anapuliza jiko la mkaa. Ukipumua kupita mahitaji ya mwili unafukuza kabonidayoksaidi nyingi mno, hali ya damu inabadilika, na mishipa ya fahamu inaanza kuwaka ovyo. Watu huogopa, wakiogopa wanapumua zaidi, na hali inazidi. Acha kuvuta. Toa pumzi taratibu kwa pua, funga mdomo, kaa chini. Itaisha. Ndiyo maana tangu mwanzo nilisema pumzi iende inavyotaka. Kwenye zoezi la kusimama sioni sababu ya anayeanza kuigusa.

Ya nne ni ganzi au kuwaka moto kwa nyayo zote mbili, mchana na usiku, nyumbani na shambani, uwe umesimama au umelala. Hiyo ilikuwepo kabla hujaja ufukweni. Kusimama kimya kumekupa tu nafasi ya kuisikia. Kapime sukari. Wawili katika kundi letu waliambiwa hivyo na yule dada wa zahanati, wakaenda, na mmoja alikutwa nayo. Anameza dawa sasa, na bado anasimama nasi.

Baada ya kushusha mikono, wengine hushtuka kuona inataka kupanda tena yenyewe, kana kwamba wako majini shingo juu. Hilo unaweza kulijaribu leo nyumbani. Simama katikati ya fremu ya mlango, sukuma fremu kwa migongo ya mikono yote miwili, kwa nguvu, kwa muda wa nusu dakika hadi dakika nzima. Kisha toka mlangoni, legeza mikono kabisa, usifanye lolote. Kwa watu wengi mikono hupaa. Daktari wa Kijerumani Oskar Kohnstamm alilieleza jambo hili mwaka 1915: misuli iliyokazwa muda mrefu huendelea kupokea amri kwa sekunde kadhaa baada ya mwenyewe kuacha kuamrisha. Watoto wangu walilicheza jioni nzima.

Mengine ni madogo. Miayo, kucheua, tumbo kunguruma, mate kujaa mdomoni, pua kutoa majimaji. Mwili ukitulia, kazi ya kusaga chakula na kujirekebisha inapata nafasi, na kelele zake zinasikika. Mate yameze. Machozi nayo huja. Wengine wanalia bila huzuni yoyote, na wengine wanalia kwa sababu huzuni ilikuwepo ikingojea. Mama mmoja alilia wiki nzima ya kwanza. Alikuwa ametoka kumuuguza mumewe miezi mingi, na zile dakika 5 ndizo pekee katika siku nzima ambazo hakuna aliyekuwa akimhitaji. Hatukumuuliza kitu. Tulisimama naye.

Anayedhani hisia hizi zimeanza na video za simu na ajue kwamba zina orodha ya miaka zaidi ya 1,400. Mtawa wa Kibuddha wa China aliyeitwa Zhiyi, aliyeishi kati ya mwaka 538 na 597, aliandika kuhusu miguso minane inayomjia mtu anayekaa kimya akitafakari: kutikisika, kuwashwa, ubaridi, joto, wepesi, uzito, mkwaruzo na ulaini. Watu wake walikaa na sisi tunasimama, lakini ukiwasikiliza wanaoanza hapa Shangani wanakutajia karibu yote, bila kujua kwamba aliwahi kuwepo mtu wa jina hilo. Naye aliwaonya wanafunzi wake wasiyashikilie. Kwangu mimi hiyo ni hazina: mtu wa dini, ndani ya mapokeo yenyewe, akisema kwamba yatakuja, yajue, usiyafuate.

Hapa sharti nipunguze mwendo, kwa sababu kuna hisia moja ambayo haisubiri dakika ziishe. Ni kizunguzungu.

Kila aliyesoma shule huku amewahi kumwona mwenzake akianguka mstarini. Jua kali, hotuba ndefu, miguu pamoja, na kiumbe anadondoka kama gunia. Mtu akisimama wima, nusu lita ya damu au zaidi hushuka miguuni na tumboni kwa uzito wake tu. Anapotembea, shavu la mguu linakamua mishipa na kuirudisha damu juu. Ndiyo maana wengine huliita moyo wa pili. Akisimama bila kutikisika, na hasa akikaza magoti, moyo huo wa pili umelala. Damu inayorudi kifuani inapungua. Vipokezi vilivyo kwenye mishipa mikubwa ya shingo na juu ya moyo vinapeleka habari, moyo unaongeza kasi, mishipa inabana, na kwa kawaida mambo yanakaa sawa. Lakini mara nyingine mwili unajibu kinyume: moyo unapunguza mwendo, mishipa inafunguka, na mtu anakwenda chini. Aliyewahi kusimama tarawehe nyuma ya imamu anayesoma kwa utulivu anajua kwamba mwili una akili yake hapa. Bila kufundishwa, unajikuta unahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule.

Dalili hutangulia. Miayo inayofuatana bila kukoma, kichefuchefu, jasho la baridi, masikio kuvuma, macho kuingia giza pembeni, midomo kupauka. Ukizihisi, usijikaze, na mtu yeyote asikuambie hiyo ni njia ya kuvuka hatua. Kaa chini pale pale, kisha lala na miguu iinuliwe. Anayeanguka asiinuliwe wala kushikiliwa wima, alazwe. Kuzuia ni rahisi: legeza magoti, inua visigino mara chache kila baada ya dakika, kunywa maji kabla. Mtwara kati ya Novemba na Machi, kaskazi inapovuma na hewa imejaa unyevu, jasho halikauki, kwa hiyo tunaanza saa kumi na moja na nusu alfajiri na kumaliza kabla jua halijapanda. Anayefunga Ramadhani asisimame alasiri. Asubiri afuturu, mwili upate maji. Mjamzito, na anayemeza dawa za presha, waulize kliniki kwanza, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo hufanya presha ishuke zaidi mtu anaposimama. Na maumivu ya kifua, pumzi kukatika, au upande mmoja wa mwili kulegea, hayo ni ya hospitali dakika hiyo hiyo.

Maumivu mengine ya kawaida yana alama moja ya kuyatofautisha. Moto wa katikati ya paja, kulia na kushoto sawa, unaoisha ndani ya dakika moja baada ya kuacha, ni kazi. Maumivu makali ndani ya kiungo, kwenye goti au nyonga, hasa ya upande mmoja, ni mkao mbaya au kiungo kilichochoka. Simama juu zaidi, angalia kama goti limeingia ndani, na likiendelea, pumzika. Kiuno kikiuma, mara nyingi makalio yamebinuka. Yaachie yashuke kama unataka kukalia kigoda.

Kuna jambo moja lililo chini ya yote haya. Peleka akili yako sasa kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia. Kilikuwa hakipo, sasa kipo. Kina joto au ubaridi, kinagusa kiatu au sakafu, pengine kimeanza hata kuwasha. Mwili hutuma habari muda wote, na ubongo huziacha nyingi mlangoni ili tuweze kuishi. Kusimama kimya kunafungua mlango huo. Sehemu kubwa ya yanayomshangaza anayeanza yalikuwa yakitokea siku zote. Pia ubongo ukikosa habari mpya kutoka kwenye kiungo kisichosogea, ramani yake ya kiungo hicho hufifia, na mtu anahisi mikono imekuwa mikubwa, au hajui tena vidole viko wapi. Sogeza kidole kimoja kidogo, ramani inarudi.

Kwa sababu hiyo, yule asiyehisi chochote asisikitike. Yupo fundi seremala kati yetu ambaye kwa miezi minane hakuhisi joto wala sumaku. Alichoona ni kwamba mgongo haumuumi tena jioni akitoka karakana, na akaendelea kuja kwa ajili ya hilo. Ninayemhofia ni anayezifukuzia hisia. Katika miaka ya 1980 na 1990 chigongi iliwaka China nzima, mamilioni walifanya mazoezi, na wapo waliozama humo saa nyingi kila siku mpaka wakaanza kusikia sauti na kuamini mambo yasiyokuwepo. Madaktari wa akili wa China waliliingiza tatizo hilo kwenye orodha yao rasmi ya magonjwa. Ni wachache ukilinganisha na waliofanya kwa kiasi, lakini ni watu, na wana ndugu. Kwa hiyo kijana akiacha kulala, akisema anazungumza na kitu kinachopita mwilini mwake, asiongezewe dakika. Aache kabisa, na apelekwe kwa daktari na mtu anayempenda.

Yule kijana wa video, nashukuru, alinielewa. Siku hizi mgeni akimwambia "nahisi kitu", humuuliza kwanza kidole gani.

Bibi alirudi siku iliyofuata, mikono usawa wa kitovu, viwiko wazi, mabega chini. Sisimizi hawakuja. Miguu ilicheza dakika ya 5, akanyoosha magoti kidogo, ikatulia. Wiki chache baadaye yule mzee wa nyavu alipita tena, na bibi mwenyewe ndiye aliyemwita. "Shikamoo, kaka. Hebu weka nyavu chini, usimame hapa na mimi, uone." Mzee alisita, kisha akaziweka. Hakuna aliyemwelekeza magoti. Alisimama kama asimamavyo mtumbwini tangu ujana wake, na dakika 8 zikapita bila paja lake kutikisika hata mara moja, wakati vijana pembeni yake wakitetemeka kama majani ya mnazi. Alipomaliza alivigeuza viganja vyake juu, akavitazama, akagusisha kimoja shavuni. Kisha akamwuliza bibi kama kesho tutakuwepo saa hiyo hiyo, maana maji yatakuwa yametoka.